Mziki mnene kwenye Carina Ti: shajara ya boksi, nyaya na moshi, Tanga

16 Machi 2024. Gari na vitu

Gari ni Toyota Carina Ti, nimeachiwa na mjomba alipohamia Muheza. Injini 5A, altaneta imeandikwa ampea 70, betri NS60. Redio niliyoikuta inasoma flashi na inatosha. Naandika haya kwa sababu kila kijiwe hapa Ngamiani kina mtu anayejua kufunga sabufa (spika ya besi), na kila mmoja ana lake, ila sijampata hata mmoja wa kuniambia alichowahi kuunguza. Mimi nitaandika nilichoharibu pamoja na bei yake.

Ninachotaka ni besi ya kugonga kifua, buti libaki na nafasi ya begi, na gari liendelee kubeba watu. Huko Marekani kuna mashindano ya dB Drag Racing, gari linapimwa desibeli (ukubwa wa sauti) basi, uzuri wa mziki hauulizwi. Wengine humwaga zege ndani ya milango na kutoa vioo, wakaweka plastiki nene ili mgandamizo wa hewa usitoroke. Gari la hivyo halimfikishi mtu Pongwe. Langu lina kazi ya kumpeleka mama mkubwa harusini.

Nimenunua sabufa ya inchi 12 iliyotumika, koili mbili (waya uliozungushwa unaosukuma spika) za omu 4 kila moja, omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, 150,000. Amplifaya 220,000. Seti ya nyaya "nene" ya kwenye pakiti, 55,000.

Kuhusu amplifaya: juu imeandikwa 3000W kwa rangi ya dhahabu. Usisome dhahabu, soma fyuzi. Hii ina fyuzi mbili za ampea 25, jumla 50. Zidisha kwa volti 13.8, unapata wati 690 zinazoingia. Amplifaya za klasi D, kama hii, hutoa kama asilimia 80 ya kinachoingia, kinachobaki ni joto. Kwa hiyo hapa kuna wati 550, na mimi nimeihesabu kuwa ya 500. Nilimfanyia muuzaji hesabu hiyo pale pale dukani kwa kalamu yake mwenyewe. Alikuwa ameanzia 280,000.

30 Machi. Boksi la kwanza

Ni Ramadhani, kwa hiyo hakuna kujaribu mziki, ni kukata mbao tu. Seremala wa Makorora amenitengenezea boksi la lita 50 kwa MDF (mbao ya unga) ya milimita 18, lenye tundu la hewa la bomba la maji la inchi 4. Karatasi ya MDF 95,000, ufundi 30,000, bomba 5,000, kapeti 15,000.

Aliniuliza, "Bomba liwe refu kiasi gani?" Nikamjibu, "La kutosha." Akachukua kipande kilichokuwa kimelala chini, sentimita 15, akakitia gundi.

12 Aprili. Kuwasha mara ya kwanza

Idi imepita, tumewasha. Besi hafifu, si ya kugonga kifua. Niliweka mita kwenye nyaya za sabufa, ikasoma 6.8. Koili zilikuwa zimeungwa kwa mfuatano, yaani omu 8, na amplifaya hii inataka 2. Nikaziunga sambamba, mita ikasoma 1.7 (mita daima husoma pungufu kidogo ya kilichoandikwa, usishtuke). Tatizo hilo limekwisha kwa dakika kumi.

Baada ya hapo ikapiga kweli. Vioo vya jirani vilitikisika, watoto wa barabara ya kumi na mbili wakaja mbio, na mimi nikajiona fundi. Kama nusu saa hivi. Kisha nikaweka nyimbo za zamani za Atomic na Jamhuri, bendi zetu za hapa Tanga, ambazo gitaa la besi linatembea muda wote. Hapo aibu ikaanza. Nota moja ilikuwa inalipuka, zilizo chini yake zinapotea, za juu zinasikika kwa mbali. Mpiga besi alikuwa kama mtu anayetembea huku mguu mmoja uko shimoni. Kwenye singeli hukugundua kitu, kule kila kitu kinakimbia na besi ni ya kugonga tu.

Sababu ni lile bomba. Boksi lenye tundu hufanya kazi kama chupa ya soda unayoipulizia mdomoni: ina nota yake moja, inayotokana na ukubwa wa chupa na urefu wa shingo. Shingo fupi, nota ya juu. Nilikaa na kikokotoo usiku: lita 50 na bomba la inchi 4 lenye sentimita 15 huimba kwenye hezi 47 hivi (hezi ni mitikisiko kwa sekunde). Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, uko hezi 41. Kwa hiyo nota zote za chini zilikuwa zinaangukia mahali ambapo boksi halisaidii tena, koni (uso wa sabufa unaocheza) inarukaruka bure bila hewa ya kuizuia. Kushuka hadi hezi 34 bomba hilohilo lilitakiwa liwe karibu sentimita 36.

Jambo la pili la siku hiyo: harufu. Kama gundi inayoungua, tamu kidogo, inatokea kwenye koni. Ni koili. Nilikuwa nimefungua kisu cha amplifaya (kile cha kuzungusha kuongeza nguvu) mpaka mwisho na kuongeza ile swichi ya besi ya desibeli 12. Desibeli 12 maana yake ni kuidai amplifaya nguvu mara 16. Haina, kwa hiyo inakata vichwa vya mawimbi, na koili inapokea nguvu nyingi ya mfululizo kuliko ya mziki wa kawaida, inapata moto. Nilizima nikaiacha ipoe hadi asubuhi. Imepona.

14 Aprili. Moshi

Hii isomwe hata kama mengine utayaruka.

Jumapili jioni nilikuwa naelekea Raskazone na mdogo wangu, mziki wa wastani tu. Tumeruka tuta, mdogo wangu akasema, "Kaka, kuna plastiki inaungua." Nikadhani ni takataka za watu. Sekunde chache baadaye moshi mweupe ukaanza kutoka chini ya dashibodi upande wake, ukawa wa kijivu, na kapeti pale miguuni pake ikaanza kujikunja yenyewe kama jani.

Nilisimamisha gari, nikafungua boneti. Waya mwekundu wa amplifaya, kuanzia kwenye betri mpaka unapoingilia ukuta wa injini, ulikuwa umevimba, ganda linachemka na kudondoka. Spana namba 10 ilikuwa kwenye buti, chini ya boksi. Chini ya boksi! Mdogo wangu ndiye aliyeivuta kwa kuingiza mkono pembeni huku mimi nikimwagia kapeti maji ya kunywa. Nikafungua kichwa cha hasi cha betri, kikatoka. Kidole gumba kina lengelenge hadi leo ninapoandika.

Waya ulipita kwenye tundu la bati bila mpira. Kila tuta lilikuwa likiusugua kidogo, mpaka ganda likaisha na shaba ikagusa bodi. Lakini hilo ni nusu ya kosa. Nusu ya pili ni fyuzi. Fyuzi ya seti ile mimi nilikuwa nimeifunga kwenye buti, karibu na amplifaya, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na nafasi nzuri. Baada ya moto nilienda kuitazama, ilikuwa nzima kama siku niliyoinunua. Bila shaka iwe nzima: umeme ulitoka kwenye betri, ukafika kwenye bati, ukarudi nyumbani. Haukupita kwake. Fyuzi ya waya mkuu inakaa karibu na betri, isizidi sentimita 45. Inalinda waya ulio mbele yake, ulio nyuma yake haiujui.

Nilipoukata ule waya na kuukwangua kwa wembe, ndani kulikuwa kweupe. Alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini ya namna hiyo hupitisha umeme kama theluthi mbili ya shaba ya unene uleule, na ganda lake lilikuwa nene kuliko chuma chenyewe. Nilikuwa nimelipia mpira.

27 Aprili. Nyaya upya

Dawa nimeipata kwa mafundi wa kuchomelea: waya wa mashine ya kuchomelea, milimita 25 za mraba, shaba tupu yenye nyuzi nyembamba mia kadhaa, unajikunja kama kamba. Mita 10 kwa 14,000, jumla 140,000. Saba zimekwenda kwenye buti. Tatu zilizobaki nimezigawa: altaneta hadi chanya ya betri, hasi ya betri hadi bodi, injini hadi bodi. Nyaya tatu hizi watu huzipuuza, nao umeme wote wa gari unapita huko.

Fyuzi ya ampea 60 na kikasha chake 20,000, vichwa vya nyaya 15,000, kapeti ya gari 25,000. Kwenye tundu la bati nimeweka mpira wa mpini wa baiskeli niliouchana, umekaa barabara. Tanga hukosi mpira wa baiskeli.

Pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi, kwanza ulikuwa umekaa juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Nimekwangua kwa msasa hadi bati likang'aa, nikafunga kwa bolti, halafu nikapaka grisi juu yake, maana kwa chumvi ya hewa yetu shaba inageuka kijani kabla mwezi haujaisha.

Vipimo, injini ikiwa inanguruma taratibu, mita kwenye vichwa vya amplifaya: nyaya za zamani zilikuwa zinashuka kutoka volti 14.0 hadi 11.6 besi inapogonga, taa za mbele zinakonyeza kama taa za disko. Sasa inashuka hadi 13.1. Betri ileile, altaneta ileile.

Fundi mmoja alinisihi ninunue kapasita ya faradi 1 kwa 80,000 "kuzuia taa zisikonyeze". Nilipiga hesabu: volti zikishuka kutoka 14 hadi 12, kapasita hiyo inatoa jouli 26. Amplifaya inayovuta wati 600 inazimaliza kabla hujafumba jicho. Niliipigia picha, ina taa nzuri za buluu.

11 Mei. Mbao imevimba

Masika imelifanya boksi kilema. Mpira wa buti unavuja kidogo, MDF imekunywa maji upande wa chini, kona moja imefunguka kama mkate uliolowa, skrubu zinatoka kwa vidole. Besi imekuwa na mnong'ono, fsss, fsss.

Nikiwa Sahare kwa shughuli nyingine nilikuwa nimelibeba boksi kwenye gari. Kuna fundi mashua pale, mzee, nikaona nimwonyeshe kwa sababu mbao ni mbao.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Umeleta mzinga wa nyuki?"

Nilimweleza. Akaligonga kwa kifundo cha kidole, akalisogeza sikio, akagonga tena sehemu nne tano. Kisha akabonyeza ile kona, kidole kikaingia.

"Mbao ya unga hii. Ya ndani ya nyumba. Wewe umeipeleka pwani, masika, unategemea nini? Na hapa linavuja, na hapa. Halijakalafatiwa, viungo havijazibwa kwa pamba."

Nikacheka, yeye hakucheka. Mashua, alisema, inazuia maji yasiingie. Hili linazuia pumzi isitoke. Kazi ni ileile. Tumekubaliana 50,000, mbao nilete mwenyewe.

19 Mei. Boksi la pili

Plaiwudi ya baharini, milimita 18: 140,000. Gundi 18,000, skrubu zisizoshika kutu 12,000.

Vipimo vya ndani, kwa atakayeiga: upana sentimita 55, kimo 33, kina 38. Hizo ni lita 69. Bomba nimeachana nalo. Moja la inchi 4 kwa wati 500 hupumua kama mgonjwa wa pumu, na mawili yangetakiwa yawe na karibu sentimita 80 kila moja. Badala yake kuna mfereji wa mbao wa upana wa sentimita 5 na kimo chote cha boksi, unapita ubavuni, unakunja nyuma kama herufi L, jumla sentimita 75. Ukitoa mfereji, mbao yake na mwili wa sabufa, zinabaki lita 50. Nota yake ni hezi 34.

Mzee hakutumia silikoni niliyomletea. Aliinusa akairudisha. Kila kiungo alikipiga randa hadi karatasi isipite, akapaka gundi, akafunga, kisha akachukua pamba, akaisokota kwa kiganja juu ya paja ikawa uzi, akauchovya kwenye gundi ya mbao na kuusukumia kwenye pembe za ndani kwa tindo butu, akigonga polepole, tok tok tok, akisogea kidole kimoja kila mara. Pembe zote. Asubuhi nzima. Kwenye mashua angetumia pamba na mafuta, alisema, lakini mafuta yataila gundi yako.

Jaribio la kuvuja ni la mama yangu, maana udi ulikuwa wake: piga sauti ya hezi 30 kwenye sabufa kutoka kwenye simu, sauti ndogo, washa udi, upitishe moshi wake taratibu kwenye kila kiungo. Penye tundu moshi unatetemeka. Kwenye boksi la zamani ulikuwa unakatika vipande. Kwenye hili ulipanda wima pembe zote, isipokuwa penye vichwa vya nyaya. Pamba kidogo, gundi, basi.

Jaribio la nota: panda hezi moja moja kutoka 25, tazama koni. Ilikuwa inarukaruka, ikapungua, ikapungua, na kwenye 35 ikakaribia kusimama kabisa, huku karatasi ya chooni niliyoining'iniza mdomoni mwa mfereji ikipepea kama bendera. Hapo ndipo nota ya boksi ilipo, hewa ndiyo inayofanya kazi na koni inapumzika. Nililenga 34, nimepata 35. Nimemrudia mzee na kilo mbili za sukari juu ya malipo.

26 Mei. Kuseti amplifaya

Kwa mita, si kwa sikio. Wati 500 kwenye omu 2 ni volti 31.6 (zidisha 500 kwa 2, tafuta kipeuo cha pili). Chomoa sabufa, redio iweke robo tatu ya sauti, piga hezi 50, pandisha kisu hadi mita ya volti za AC isome 31. Swichi ya besi iwe sifuri. Kisu kimeishia chini ya nusu, na watu wote waliokiona wanataka kukipandisha. Nimekiziba kwa gundi ya moto.

Mluzi wa kwenye spika uliokuwa ukipanda nikikanyaga mafuta umeondoka nilipohamisha waya za ishara (zinazoleta mziki kutoka redioni) upande wa kushoto, mbali na waya wa umeme.

9 Juni. Bati

Mziki ndani mzuri, nje gari linalia kama debe la mapesa. Niliambiwa nibandike lami ya kuezekea, roli 35,000. Nimebandika buti zima. Siku mbili tu za jua, gari limeegeshwa Chumbageni saa saba mchana, lami ikayeyuka, ikateleza ndani ya mfuniko wa buti na harufu ya barabara mpya ikaingia hadi kwenye viti. Kuitoa ni mafuta ya taa na Jumapili yako yote. Usifanye.

Kilichosaidia: vipande vya tyubu nyuma ya kibao cha namba, sponji ya godoro ndani ya kufuli ya buti, na nyuzi za ile pamba kwenye mirija ya nyaya. 10,000 kwa jumla, na asilimia kubwa ya kelele imekwisha.

23 Juni. Safari ya kwanza ya kweli

Harusi ya Mabokweni, watu wanne ndani, mama mkubwa mbele na kilemba chake. Nimepiga taarabu kwenda, singeli kurudi. Hakuna kilichopata moto. Mita ilikaa juu ya 13 njia nzima isipokuwa nilipowasha feni na taa pamoja.

Masikio: baada ya majaribio ya Mei yalikuwa yananiimbia hadi usiku wa manane, na hiyo si sifa. Kiasi kinachotumiwa na watu wa usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu, yaani ukifika 100 una robo saa. Sasa nikipima navaa vizibo vya masikio vya 1,000. Na nikipita msikitini au karibu na hospitali ya Bombo nazima, siyo kupunguza. NEMC, baraza la mazingira, wana kanuni za kelele na mitetemo tangu 2015, lakini kwa barabara hizi mzee wa jirani anakufikia kabla yao.

Alinifikia kweli, jana jioni, na fimbo yake. Nikajua nimekwisha. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Zile nyimbo za Jamhuri ulizopiga siku ile ya Idi, unazo bado?" Nikamfungulia mlango wa nyuma. Alikaa nyimbo tatu, mkono juu ya kiti cha mbele, vidole vitatu vikitembea na gitaa la besi bila kukosea hata mara moja. Siku ile, aliniambia akishuka, yule kijana wa besi ulikuwa umemfunga kamba mguuni.

Jumla hadi leo, bila vizibo na sukari: 1,035,000. Zilizokwenda bure humo: nyaya za pakiti 55,000, boksi la kwanza 145,000, kapeti iliyoungua 25,000, lami 35,000. Hizo ni 260,000.

Bado taa ya kibao cha namba inatetemeka kwenye hezi 38 hivi. Nimeifungua mara mbili, sijaona kilicholegea.